Pamba ya Théophile Mwamba

Waliozaliwa jana hawajui kwamba mji wa Kalemie uliwahi kuwa na sauti ya kuuamsha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri king'ora cha kiwanda cha pamba kilikuwa kikilia, na kila mwanamke, awe wa kambi ya reli au wa mtaa wa Kataki, alijua ni wakati wa kuweka maji ya chai jikoni. Hakuna aliyehitaji saa. Hata jogoo walionekana kukingoja. Leo kila mtu ana saa mkononi, na hakuna anayefika kwa wakati.

Jumatatu moja ya mwaka 1979 king'ora hakikulia. Théophile Mwamba aliamka kwa wakati wake vilevile, akavaa suruali yake ya kaki, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza.

"Labda umeme umekatika kule kwenye bwawa la Bendera," mke wake Léontine alisema.

"Taa ya njiani inawaka," alijibu.

Basi wakajua wote wawili kwamba kiwanda chenyewe kimesimama.

Théophile alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Baba yake alichimba bati huko Manono, na yeye alikuja Kalemie akiwa kijana mwenye cheti cha shule ya misheni na shati moja. Kwenye kadi ya kazi aliandikwa Mwamba Kitenge, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini ndani ya nyumba Léontine hakuacha kumwita Théo, sheria au si sheria. Alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ishirini na mitatu, na kumi na mmoja ya mwisho alikuwa mkubwa wa chumba cha kusokota nyuzi. Aliweza kushika ncha ya uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akakuambia umetoka mashine gani na nani aliisimamia. "Uzi legevu ni uzi wa aibu," aliwaambia vijana wake, na kijana aliyetoa uzi legevu alisimamishwa mbele ya wenzake akiushika juu, kila mtu auone. Watu wa siku hizi wangeita huo ukali. Lakini shuka lililofumwa kwa uzi wa chumba kile lilimpokea mtoto, likamzika babu, na bado likafaa kufungia mahindi.

Getini walisomewa orodha. Chumba cha nyuzi kilikuwa kimefungwa: vipuri havikuja tena, na pamba ya bara haikufika. Théophile alipewa karatasi iliyosema ametumika vizuri, na miezi mitatu ya kutoka katika nyumba ya kambi ya kiwanda. Akapewa pia gunia la pamba ya kufagia, ile inayoanguka chini ya mashine. Ilikuwa desturi: kila mwaka kila mfanyakazi alipata gunia moja, na mito yote ya kambi ilijazwa kwa pamba hiyo. Alilibeba begani, akapita katikati ya mji mchana kweupe, na watu wakampisha kama mtu aliyebeba jeneza.

Léontine alimngojea ale kwanza.

"Kaka yangu Anatole aliandika mwezi uliopita," alisema. "Huko Nyunzu kuna nyumba tupu, na shamba la muhogo linakosa watu."

"Nikalime kwa shemeji? Anionyeshe magugu kwa kidole?"

"Magugu hayaulizi diploma, Théo."

Théophile alisukuma sahani pembeni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetia sahihi: "Nipe miezi hii mitatu. Ikiisha na mikono yangu haijapata kazi ya ufundi, utafunga mizigo, na mimi nitapanda treni bila neno."

"Nimesikia. Na njo mimi nitakayefunga," alijibu Léontine; kwa watu wa Kalemie ndiyo ni njo.

Alianza kuzunguka. Katika ofisi ya reli walimwambia arudi kesho, na kesho wakamwambia kesho. Bandarini alipokewa na kijana aliyevaa abakosti, lile koti la wakubwa wa serikali, iliyonyooshwa mpaka inang'aa, ambaye hakumpa hata kiti. Zamani kijana angesimama kwa mtu wa umri wa baba yake.

"Sitwaye, unajua kazi gani?" aliuliza, kwa neno la serikali la kumwita kila mtu raia.

"Nyuzi."

"Nyuzi!" Kijana akageukia wenzake. "Huyu atatufungia meli zisikimbie!"

Miezi miwili ikaenda hivyo. Viatu vikaisha, naye akavishona kwa uzi wake mwenyewe, na ule uzi haukukatika.

Jumamosi moja aliitwa pamoja na watu wa mtaa kwenye salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kufyeka majani ya ufukweni, karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani. Hapo palikuwa na uwanja wa kuundia mashua wa fundi Salomon, Mholoholo mzee wa kabila la ziwani, mwenye miguu iliyopinda kama mbavu za mashua zake. Siku ile Salomon alikuwa akipigilia vipande vya kitenge kikuukuu katikati ya mbao kuzuia maji. Théophile alisimama na panga lake akatazama mpaka akashindwa kujizuia.

"Papa, nguo hiyo itaoza kabla ya mvua mbili."

"Na wewe ni nani? Inspekta wa nguo?"

"Ni mtu wa pamba."

"Aa! Njo ninyi!" Salomon alitema mate pembeni. "Zamani pamba ya kufagia ilitoka kwenu. Tunaisokota, tunaichovya katika mawese, tunaziba, mashua inakwenda mpaka Kigoma bila kukojoa. Sasa munatembea tu mjini na kaki zenu kama askari walioshindwa vita."

"Nyumbani nina gunia moja."

Nyundo ilitua chini. Salomon alimtazama upya, kuanzia viatu vilivyoshonwa. "Mzibaji wangu alivuka kwenda Kigoma kwenye arusi," alisema. "Akaoa yeye mwenyewe. Wewe vidole vyako vinajua kusokota?"

"Havijui kitu kingine."

Wakapatana pale pale. Kulikuwa na mashua ya Mama Bertille, mchuuzi wa chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndefu hatua kumi na nne, iliyokwisha pigwa mbao zote na kungoja kuzibwa tu. Théophile angeiziba. Kisha mashua ingejazwa mawe na kuzamishwa penye maji machache siku tatu ili mbao zinywe maji; hivyo ndivyo mafundi wa pale walivyofanya. Ikitoka salama, ingekwenda safari ya kwanza.

"Na katika safari ya kwanza," Salomon alisema, "aliyeziba njo anakaa chini kabisa. Hakuna kiti, hakuna mkeka. Anakaa juu ya kazi yake mpaka mashua irudi. Njo desturi ya baba zetu."

"Kama maji yanaingia?"

"Yeye atajua wa kwanza. Ukirudi mukavu, wewe ni fundi, na uwanja huu ni wako kama ni wangu. Ukirudi umelowa, nitakuaga vizuri."

Théophile alikubali. Hakumwambia kwamba hakujua kuogelea.

Siku kumi alisokota na kuziba. Kila kamba ya pamba ilitoka nyembamba, ngumu, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na waliopita walisimama kutazama. Aliichovya katika mawese, akaipigilia kwa patasi butu mpaka ikazama katika mwanya, mwanya ukajaa hata sindano isipate njia. Siku ya tatu Salomon alipita, akabonyeza kamba moja kwa ukucha.

"Legeza mkono, mtu wa pamba," alisema, akaenda zake. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Théophile alitabasamu moyoni. Alilegeza mkono lini katika maisha yake? Alidhani mzee anamwonea huruma asichoke. Akakaza zaidi.

Wakaizamisha mashua asubuhi ya Alhamisi. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, wanawake waliokuwa wakifua walisikia mlio kama mti unaovunjika, halafu mwingine, halafu wa tatu. Walipotoa mawe na kuivuta nchi kavu, mbao tatu za ubavuni zilikuwa zimeng'oka misumari na kubinuka nje kama midomo ya mtu anayezomea.

Mama Bertille alifika mbio, kitenge kikimfunguka kiunoni. "Mama yangu! Nilileta mashua, munanirudishia kuni! Papa Théo, kule kiwandani mulikuwa munasokota nini, minyororo?"

Watu wakacheka. Théophile alisimama tu, mikono imening'inia. Mikono ile haikuwahi kutoa kazi mbaya mbele ya watu. Salomon alipitisha kiganja juu ya mbao zilizobinuka.

"Nenda nyumbani," alisema, bila hasira. Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Habari ilikuwa imekwisha fika nyumbani. Zilibaki siku kumi na nane kabla ya mwisho wa miezi mitatu, na treni ya Nyunzu ilikuwa ya Jumatano, siku ile ile ya mwisho. Léontine alikuwa amekaa barazani na kamba ya katani mapajani.

"Nianze kufunga?"

"Funga," alisema Théophile. "Lakini suruali ya kaki uiache nje."

Kesho yake, saa ile ambayo king'ora kingelia, alikuwa tayari uwanjani. Hakuomba ruhusa. Alichukua ndoana ya chuma, akaanza kutoa kamba zake moja moja kutoka katika mianya. Zilitoka ngumu kama vijiti. Kando ya kila kamba ubao ulikuwa umechubuka, umebonyea, kama mguu uliovalishwa kiatu kidogo. Alikaa chini akaitazama moja muda mrefu, mpaka jua likamfika kisogoni.

Kiwandani uzi ndio unaovutwa. Usipokazwa unakatika. Hapa aliyekuwa akivuta ni ubao. Ubao ukinywa maji unanenepa, unatafuta mahali pa kwenda, na yeye alikuwa amepajaza pote kwa kamba isiyorudi nyuma hata unywele. Ubao haukupata nafasi ndani, ukatoka nje na misumari yake.

Akakumbuka chumba cha tambi za pamba kule kiwandani. Kabla pamba haijawa uzi, ilipita katika chumba cha kwanza, ikavutwa kuwa utepe mnene, mwororo, uliopindwa kidogo tu, kama utambi wa taa. Ilikuwa kazi ya wanaoanza. Théophile aliwekwa humo mwaka wake wa kwanza, akaona haya, akasali misa tisa mfululizo ahamishwe, na alipokuwa mkubwa wa nyuzi alipita mlango wa chumba kile bila kugeuza kichwa.

Sasa alichukua pamba akajaribu kutengeneza utambi. Vidole vikakaza vyenyewe. Akafungua, akajaribu tena, vikakaza tena. Miaka ishirini na zaidi haikuwa tayari kumsikiliza. Mwishowe alichana kitambaa, akafunga kidole gumba na cha shahada vikawa vinene kama ndizi, visisikie wala visibane, akaviringisha pamba kwa kiganja juu ya paja. Tambi nyingi alizitupa. Wapita njia walimwona mtu mzima amefungwa vidole, anasugua paja lake tangu asubuhi, wakaulizana kama ameugua. Siku ya nne alifungua kitambaa, na mkono ukatii.

Salomon naye alikuja na mbao tatu mpya, akazipigilia mwenyewe ubavuni, hatua mbili tu kutoka pale Théophile alipokaa, kama vile kila mmoja alikuwa peke yake. Alipomaliza alikuja akabonyeza utambi kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Wewe, Papa. Ulisema nilegeze."

"Nilisema mara moja."

"Mimi nilisikia mara ya pili."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Siku zile fundi hakumwaga maneno. Ulipewa neno moja, ukalitafuna mwenyewe mpaka lijae kinywani. Siku hizi wanafundishwa kwa maneno elfu, na meza wanayotengeneza inayumba.

Likabaki jambo la pamba. Ya gunia ilikuwa imeharibika nusu, na ubavu mmoja wa mashua bado wazi. Jioni Théophile aliuleta wasiwasi huo mezani, hakuomba kitu. Léontine aliinuka, akaenda kwenye mzigo mkubwa aliokwisha ufunga kwa ajili ya treni, akaanza kuukata fundo.

"Unafanya nini?"

"Mito ni sita. Yote ni pamba ya kiwanda." Akamrushia wa kwanza kifuani. "Kama ni kwenda Nyunzu, utalaza kichwa juu ya jembe."

Walikaa wawili wakapasua mito, watoto wao wakicheka kwa sababu nyumba ilijaa manyoya meupe kama kuku kumi wamechinjwa humo.

Mashua ilikunywa maji siku tatu. Théophile alikaa ufukweni siku zote tatu akisikiliza, kama alivyosikiliza mashine zake, na haukuja mlio wowote. Walipoivuta, mbao zilikuwa zimevimba na kuibana pamba, na pamba imejiminya ikazipisha. Mama Bertille aliizunguka mara mbili akitafuta pa kulalamika.

"Haya," alisema. "Jumatatu ninakwenda Kabimba na chumvi. Jumanne tunarudi. Na wewe Papa wa pamba, chini!"

Jumatatu alikaa chini kabisa ya mashua, matako juu ya mbao tupu, magoti karibu na masikio, magunia ya chumvi yamemzunguka. Nchi kavu ilipoanza kuwa ndogo alimshika Mama Bertille upindo wa kitenge.

"Mama, lazima nikuambie. Mimi sijui kuogelea."

"Na mimi unafikiri ni samaki? Ukisikia baridi huko matakoni, sema mapema. Nataka kuruka wa kwanza!"

Kwenda kulikuwa shwari. Kurudi, Jumanne mchana, upepo uliinuka kutoka kusini na ziwa likafanya milima. Mashua ilipanda, ikaanguka, na kila ilipoanguka mbao zililia. Maji yalirukia juu ya ukingo, wapiga makasia wakayachota, lakini Théophile hakuyajali hayo. Hayo yalikuwa ya mawimbi. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya mianya, macho amefumba. Akaisikia baridi. Karibu na goti la kushoto, chozi moja. Halafu jingine.

Hakupiga kelele. Alitoa utambi aliokuwa ameuweka kifuani, akauweka penye chozi, akausukuma kwa kidole gumba taratibu, kila mashua ilipopanda na mwanya kufunguka kidogo, akiacha ilipoanguka. Akasukuma, akaacha. Angekaza kwa nguvu, angeutoboa upande wa pili. Alisukuma hivyo mpaka kidole kikafa ganzi, na alipokiondoa ubao ulikuwa umeukamata utambi. Aliufuta kwa mkono wa shati. Akangoja. Haukutoa chozi tena.

"Papa Théo!" Mama Bertille alimwita, mwenyewe amekumbatia gunia. "Unasali au umekufa?"

"Ninafanya kazi, Mama."

Walipofika, nusu ya kambi ilikuwa ufukweni. Léontine alisimama mbele, mikono kiunoni. Mizigo ilikuwa nyumbani, imefungwa upya, kwa kuwa treni ilikuwa kesho. Théophile alishuka akiyumba kama mlevi. Salomon alitaka kusogea, lakini Léontine alimtangulia. Alimgeuza mume wake kama mtoto, mbele ya watu wote, akampapasa suruali ya kaki nyuma, juu na chini, bila haya.

"Goti moja limelowa," alitangaza.

"Hilo nimelijibu," Théophile alisema.

"Nimeliona na macho yangu," Mama Bertille alidakia kutoka ndani ya mashua. "Alilinyonyesha kama mutoto mpaka likalala."

Léontine alipapasa mara nyingine, kusudi kicheko kiendelee. Kisha akampiga kofi dogo pale pale. "Makavu," alisema, akageuka kwenda nyumbani kufungua mizigo.

Théophile Mwamba aliziba mashua katika uwanja ule miaka kumi na saba, na Salomon alipokufa aliachiwa uwanja huo. Walipanga nyumba mtaa wa Kitali, karibu na maji. Aliwafundisha wengine, wachache, kwa neno moja moja. Leo wanaziba kwa lami na vipande vya ndala, mashua zinatoka Lukuga zikiwa zimeshiba maji kabla ya abiria, na hakuna mzibaji anayekaa chini katika safari ya kwanza. Anabaki ufukweni anapunga mkono.

Jumatano ile, treni ya Nyunzu ilipopiga filimbi stesheni, yeye na Salomon walikuwa chini ya mashua nyingine.

"Treni yako hiyo," Salomon alisema.

Théophile alikuwa na utambi umefika nusu ya paja, na wakati huo mtu hainui kichwa. "Mwache Anatole aipokee," alisema. "Nimemwandikia kwamba hatumo."